Gari liseme liko wapi, lisiseme ni la nani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu faragha na usalama wa magari yanayowasiliana

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mwanza. Zamani kazi yangu ilikuwa waya, betri na stata. Siku hizi gari linaingia gereji na redio tatu au nne ndani yake, na mwenye gari hajui hata moja inazungumza na nani. Maswali haya yametoka kwa wenye magari, madereva wa mabasi ya Nyegezi, vijana wanaojifunza ufundi, na abiria mmoja wa kivuko cha Kamanga aliyeuliza swali lililoninyima jibu kwa siku mbili.

Fundi, magari yanaambiana nini hasa?

Gari lenye mfumo huu lina redio ndogo inayotangaza ujumbe mfupi hadi mara 10 kila sekunde: niko hapa, naelekea huku, mwendo wangu ni huu, nimeshika breki au sijashika, urefu na upana wangu ni huu. Kila gari lenye redio kama hiyo lililo karibu, kiasi cha mita 300, linausikia. Nguzo za barabarani na mataa vinaweza kusikia na kujibu pia.

Faida yake ni rahisi kuiona. Uko nyuma ya lori la mchanga, huoni mbele. Gari lililo mbele ya lori linashika breki ghafla. Jicho lako linaishia kwenye bodi ya lori, lakini redio yako imeshapokea habari kabla taa nyekundu za lori hazijawaka.

Marekani ilitenga masafa ya gigahezi 5.9 kwa kazi hii mwaka 1999, na Ulaya ikafuata eneo hilo hilo la masafa. Japani inatumia pia megahezi 760.

Haya mambo yapo huku kwetu?

Kwa magari mengi ya hapa, bado. Mengi ni ya mkono wa pili kutoka Japani, na huko kwenyewe Toyota ilianza kuuza magari yenye mfumo wa namna hii mwaka 2015. Gari kama hilo likifika Mwanza linatangaza kwenye barabara isiyo na nguzo ya kulijibu.

Lakini vifaa vinavyofanana na hivyo vimeshaingia: GPS za kufuatilia magari, VTS (kifaa kinachofuatilia mahali na mwendo wa basi) kwenye mabasi, funguo zisizochomekwa, vipima upepo vya tairi vinavyotuma redio, na simu iliyo mfukoni mwa dereva. Redio za gari kwa gari nazo zitakuja vivyo hivyo, kwa mkono wa pili, zikiwa na kanuni zilizoandikwa na watu wa mbali. Nataka siku hiyo itukute tunajua cha kuuliza.

Gari langu likiwashwa linaongea Kijapani. Linanirekodi?

Hapana. Karibu kila wiki naulizwa hili. Mara nyingi hicho ni kisanduku cha ETC, mfumo wa kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama, na kinakwambia tu kwamba kadi haijachomekwa. Kinasubiri lango la malipo la Kijapani ambalo hakuna barabara yetu inayolo. Ukitaka kitolewe, ni kazi ndogo.

Kwa nini inasemwa usalama na faragha vinavutana?

Hapa ndipo kiini kilipo, kwa hiyo nivumilie.

Panda Capripoint usiku usio na mwezi, utazame ziwani. Taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini kama mji wa pili. Kila taa inasema: hapa kuna mtumbwi, usije ukanigonga. Haisemi mtumbwi ni wa nani, wala mwenyewe amelala wapi, wala jana alivua upande gani. Nahodha wa meli hahitaji hayo yote ili aukwepe.

Gari nalo linapaswa kuwa hivyo. Shida ni kwamba taa haiwezi kudanganya sana, lakini redio inaweza. Mtu mwenye kompyuta na antena kando ya barabara ya Usagara anaweza kutangaza, “mimi ni gari, nimesimama katikati ya njia.” Basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa likimwamini, linashika breki bila sababu likiwa na abiria ndani. Uongo wa aina hii unaua.

Njia ya haraka ya kumdhibiti mwongo ni kumwambia kila mtu ajitaje. Ila ukimtaka kila mtu ajitaje mara 10 kwa sekunde, umeandika maisha yake yote: saa anayotoka nyumbani Buswelu, kliniki aliyopita, msikiti au kanisa analosali, nyumba aliyosimama saa nne usiku. Mwaka 2013 watafiti walichambua rekodi za simu za watu milioni 1.5 zisizo na majina. Nukta nne tu, kila moja ikiwa ni mahali na saa mtu alipokuwepo, zilitosha kuwatenga asilimia 95 ya watu hao, kila mmoja na wengine wote. Gari linapolala na linaposhinda, hizo tayari ni mbili.

Msimamo wangu ni huu: barabarani sihitaji kujua wewe ni nani. Nahitaji kujua kwamba wewe ni gari la kweli. Ni maswali mawili tofauti, na anayeyachanganya, kwa uvivu au kwa kutaka, anatuuzia upelelezi kwa bei ya usalama.

Si ujumbe ufungwe kwa msimbo tu, asiyehusika asiusome?

Hauwezi kufungwa, kwa sababu anayehusika ni mgeni. Gari linalokuja mbele yako Kisesa hujawahi kukutana nalo na halina ufunguo wako, lakini lazima likuelewe sekunde hii hii. Ndiyo maana ujumbe wa tahadhari hutumwa wazi, ila unatiwa saini ya kidijitali: hesabu inayothibitisha kwamba aliyeutuma ana ufunguo wa siri unaokubalika, na kwamba hakuna aliyeubadilisha njiani.

Kazi hiyo si ndogo. Ukiwa kwenye foleni ya magari 100, kila moja likituma mara 10, gari lako linapokea saini 1,000 kwa sekunde.

Saini si jina pia?

Ni swali zuri. Saini hukaguliwa kwa cheti, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha ufunguo wa gari, na cheti kikiwa kile kile mwaka mzima, hata kama hakijaandikwa jina, mtu anaweza kukifuata kutoka Igoma hadi mjini na kurudi. Ndiyo sababu gari hupewa vyeti vingi vya lakabu. Kila kimoja kinasema “huyu ni gari halali” na kunyamaza hapo: hakuna jina, namba za gari, wala namba ya chesisi. Katika mpango wa Marekani gari lina vyeti 20 kwa wiki na hubadilisha kila dakika 5. Ulaya inaruhusu hadi 100 kwa wakati mmoja.

Nani anajua vyeti 20 hivi ni vya gari moja? Hapa nimekuta kitu ambacho akina mama wa vikoba wangekielewa kabla ya mhandisi yeyote. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zake wanakaa nazo watu watatu. Hakuna anayelifungua peke yake, hata mwenyekiti. Mpango wa Marekani umejengwa hivyo. Ofisi inayopokea maombi inajua gari lakini haioni vyeti. Ofisi inayotoa vyeti inaviona lakini haijui vinaenda gari gani. Ofisi nyingine mbili zina nusu nusu ya namba inayounganisha vyeti vya gari moja. Gari likibainika linadanganya, ndipo vipande vinakutanishwa, vyeti vyake vinatangazwa, na magari mengine yanaacha kulisikiliza.

Kuna jambo jingine ndani yake ninalolipenda sana. Hesabu imepangwa ili gari lililofutwa litambulike kuanzia wiki ile kwenda mbele tu. Safari zake za wiki zilizopita zinabaki siri. Mfumo unamwondoa mwongo barabarani bila kuifukua jana yake.

Lakini haya yanasimama endapo ofisi ni tofauti kweli. Zote nne zikiwa chini ya bosi mmoja kwenye jengo moja, hizo ni kufuli tatu na funguo zake zimetundikwa kwenye msumari mmoja.

Kwa hiyo kubadilisha cheti kila dakika 5 kunatosha?

Inategemea uko wapi. Ukibadilisha stendi ya Nyegezi saa kumi na mbili asubuhi, kati ya mabasi, bajaji na magari ya mizigo, anayekufuata anachanganyikiwa. Ukibadilisha ukiwa peke yako usiku kwenye barabara ya kwenda Kigongo, unajidanganya. Gari moja limezimika jina, gari moja limewaka jina jipya mita chache mbele, kwa mwendo ule ule. Mtoto wa darasa la tatu ataunganisha.

Dawa iliyopendekezwa ni kunyamaza kidogo wakati wa kubadilisha, au kubadilisha pamoja na wengine penye msongamano. Tazama sasa mvutano ulivyo: sekunde za kunyamaza kwa ajili ya faragha ni sekunde ambazo gari halionekani. Ukikaa kimya njia panda, unaweza kugongwa. Mimi ningekataza kunyamaza penye makutano kabisa, na ningekubali faragha ipungue kidogo hapo. Tunyamaze tukiwa tumesimama, kabla ya kuondoka.

Na lazima kila alama ibadilike kwa pamoja. Ukibadilisha cheti ukaacha anwani ya redio ya zamani, umevaa kofia mpya na shati la jana.

Mwenye vyeti 20 hawezi kujifanya magari 20?

Anaweza kujaribu. Dereva mmoja akifanikiwa kutumia vyeti vyote kwa mpigo, anatengeneza foleni ya mizimu pale Mabatini, ramani za wengine zinawaelekeza njia nyingine, naye anapita barabara nyeupe. Vyeti vikipungua, mizimu inapungua lakini unafuatwa kwa urahisi. Vikiongezeka, kinyume chake. Hakuna namba inayoridhisha pande zote mbili, na anayekwambia ipo hajafanya hesabu.

Kinga ni kuweka funguo ndani ya chipu isiyofunguka kirahisi, inayokataa kutia saini kwa vyeti viwili kwa wakati mmoja, na kuyafanya magari yapime yanachoambiwa. Magari mawili hayawezi kukaa mahali pamoja. Gari linalosema liko mita 20 mbele yangu, halafu kamera yangu haioni kitu, lina neno.

Uongo mwingine ni wa kunasa ujumbe wa kweli Buzuruga na kuuchezesha tena Igoma. Saini bado ni halali! Ndiyo maana saa na mahali vinaingizwa ndani ya kilichotiwa saini, na ujumbe uliopitwa na wakati unatupwa. Ama mtu anayeziba masafa kwa kelele, saini haimzuii. Gari lazima lijue kwenda salama hata redio ikiwa kimya.

Gari likiwa juu ya kivuko cha Kamanga, ramani inasema liko majini. Mfumo hautaliita mwongo?

Hili ndilo lililoninyima jibu, na namshukuru aliyeuliza.

Kwa kanuni nyingi za ukaguzi, ndiyo, lingeshukiwa. Magurudumu yamesimama lakini GPS inasema linatembea. Linakwenda kiubavu. Limebanana na mengine na yote yanasogea pamoja, juu ya maji. Kwa mtu aliyetunga kanuni hizo mahali pasipo na vivuko, kila alama hapo ni ya udanganyifu. Linaokolewa na jambo moja: gari likizimwa, kwa kawaida redio yake nayo inanyamaza. Ila dereva akiwasha swichi ili asikilize muziki hadi ng'ambo, yumo hatarini.

Na si vivuko tu. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Gari lenye ramani ya kabla ya hapo litaona kila anayevuka anaelea.

Kwa nini nahangaika na hili? Kwa sababu gari likiripotiwa kuwa mwongo, ndipo zile funguo tatu zinaitwa. Tuhuma ya uongo inaweza kumfunua mtu asiye na kosa. Ripoti ya gari moja isitoshe kumfungua mtu yeyote. Zihitajike ripoti kadhaa, kutoka kwa magari tofauti, mahali tofauti. Na kanuni zijaribiwe hapa, kwenye maji yetu, kabla ya kuhukumu watu wetu.

Mtu anaweza kulishika gari akiwa mbali?

Imewahi kutokea. Mwaka 2015 Wamarekani wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, waliingia kwenye Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu wa redio yake ya burudani, wakaidhoofisha ikiwa barabara kuu. Lilikuwa jaribio, na dereva, mwandishi wa habari, alikuwa amekubali. Fiat Chrysler iliita magari milioni 1.4 kurekebishwa.

Walipitia wapi? Ndani ya gari kuna mtandao wa waya unaoitwa CAN, uliotangazwa na Bosch mwaka 1986. Injini, breki na dashibodi huzungumza humo kama watu wa nyumba moja: anayesema anaaminiwa, haulizwi kitambulisho. Mgeni akishapita mlango mmoja, vyumba vyote ni vyake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 155, iliyoanza kutumika Januari 2021, inawataka watengenezaji waonyeshe jinsi wanavyolinda milango hiyo. Hapa faragha na usalama havivutani hata kidogo. Mlango ule ule anaoingia mharibifu ndio anaoingia mpelelezi.

Gari langu halina redio hizo. Siwezi kufuatwa, sivyo?

Unaweza. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipima upepo vya tairi hutuma namba isiyobadilika, wazi, na inaweza kunaswa kutoka mita 40. Fikiria: gari linabadilisha lakabu kila dakika 5, na tairi zake zinataja jina lile lile toka ziwekwe. Bluetooth ya simu yako nayo ni hivyo hivyo ukiiacha wazi kwa jina lako.

Mabasi yamefungwa VTS ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na abiria tunafurahi. Kwa nini magari yote yasifungwe?

VTS inafaa kwenye basi na sitaipinga. Watu hamsini wamekabidhi roho zao kwa mtu mmoja, wana haki ya kujua hakimbizi.

Bahari ina mfano wake. Meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa zinalazimika kubeba AIS, redio inayotangaza mahali meli ilipo pamoja na namba yake na jina lake, kwa yeyote mwenye kipokezi. Ni sawa, maana meli ni shughuli ya hadhara. (Ujumbe wa AIS hautiwi saini, na zimeonekana meli zikitangaza mahali zisipokuwepo. Jina peke yake halimzuii mwongo.) Basi ni kama meli. Gari la nyumbani ni kama mwenye gari mwenyewe: linaenda anakoenda, pamoja na asikotaka kusema.

Tofauti nyingine ni ya kimfumo. VTS hupeleka safari yote kwenye seva, ikahifadhiwa. Ujumbe wa gari kwa gari unasikika mita 300 na unapaswa kusahauliwa palepale. Ukisikia mtu anapendekeza nguzo za barabarani zihifadhi kila ujumbe “kwa usalama”, muulize kwa muda gani, nani anasoma, na usalama wa nani.

Sheria yetu inasemaje?

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako ajisajili, akwambie anazikusanya kwa nini, asizitumie kwa jambo jingine, nawe una haki ya kuziona na kudai zirekebishwe. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa, na gari la leo limejaa kompyuta.

Ujumbe usio na jina ni taarifa binafsi? Wasimamizi wa faragha wa Ulaya walijibu mwaka 2017 kwamba ndiyo, ujumbe huu wa magari ni taarifa binafsi, kwa kuwa unaweza kuunganishwa na mtu. Naona walijibu vema, na ningependa jibu letu liwe hilo.

Nanunua gari mkononi mwa mtu. Nikague nini?

Mteja wangu mmoja alinunua gari, akalipa, akabadilisha kadi ya gari. Wiki ya tatu akapigiwa simu na aliyemuuzia: “Mbona gari siku hizi linalala Kisesa?” Hakuwa amemwambia mtu anakolala. Hakula siku ile.

Muulize muuzaji mbele ya shahidi kama kuna kifaa cha GPS, na akaunti yake iko kwa nani. Kama kipo na unakitaka, akaunti ihamishwe kwako kabla hujatoa salio, na nywila ubadilishe mwenyewe. Futa simu zote zilizounganishwa kwenye redio ya gari pamoja na anwani zilizobaki kwenye ramani. Dai funguo zote, hata ile “iliyopotea”. Halafu lilete kwa fundi wa umeme alipitie: chini ya dashibodi, nyuma ya redio, karibu na boksi la fyuzi, chini ya viti, ndani ya bampa la nyuma. Tafuta waya uliochomekwa kwenye umeme wa moja kwa moja na usioelekea kifaa unachokijua.

Cha yule mteja kilikuwa kimefungwa kwa utepe mweusi nyuma ya kisanduku cha kuhifadhia karatasi, na laini ya simu ndani yake ilikuwa bado ina salio.